WhatsApp ya GB na WhatsApp ya kweli: ipi inafaa kwa grupe ya koperative?



Gazeti hili linawaletea kila mara mambo ya mbegu, mbolea na vidudu. Leo tunaongea telefone. Msishangae. Kwa koperative za Luano na za pembeni zote za Lubumbashi, telefone imekuwa chombo cha shamba sawa na jembe ao arozwari. Bei ya lengalenga ya soko la Kenya inafika kwa grupe mbele jua itoke. Mtu akiona majani ya mahindi yake yametobolewa, anapiga foto, anatuma, na kabla ya saa sita tumeshajua kama ni kiwavi-jeshi (wengi tunaita tu shenie) ao ni kitu kingine. Tukitaka kujua kama malori ya mahindi yanapita Kasumbalesa ao yamesimama, hatungoji redio. Na mwezi wa kumi, wakati koperative inakusanya makuta ya NPK na ya urea, nimero ya telefone yenye kila mtu atatumia mchango wake inatangazwa mle-mle, ndani ya grupe ya WhatsApp.

Hiyo ya mwisho ndiyo sababu ya andiko hili.

Ukiangalia telefone za memba moja moja, utakuta si wachache wenye hawana WhatsApp yenye kampuni ya WhatsApp yenyewe ilitengeneza. Wako na GB, wako na FM, wako na Yo, ao ingine yenye jina lake na rangi yake. Na swali lenye linarudi-rudi katika mikutano ni hili: "Agronome, juu ya nini munatuambia tutoshe GB? Njo inafanya bintu mingi kupita ile ya kweli." Swali ni la haki. Linastahili maelezo, haiko kukemewa.

Programu ya watu wa nje ni kitu gani

WhatsApp ilizaliwa Marekani mwaka 2009, na tangu 2014 iko mali ya kampuni ya Facebook, yenye leo inaitwa Meta. Ile programu yenye unaona kwenye telefone ni nusu tu ya kazi. Nusu ingine iko mbali, kwenye mashine za kampuni, zenye zinapokea mesaje yako na kuipitisha kwa mwenzako. GB na ndugu zake hazina mashine zao. Mtu fulani alichukua programu ya WhatsApp, akaifungua, akaongeza vitu, akaifunga tena, akaipa jina lingine, kisha akaiacha iendelee kupiga hodi kwa mashine zile-zile za kampuni.

Kwa mkulima nafikiri mfano wa mfuko wa mbegu utaeleza vizuri kuliko maneno ya mafundi. Mfuko wa mbegu yenye imepimwa uko na etiketi ya SENASEM na ushono wa kiwanda. Sasa unakuta sokoni mfuko ule-ule, jina lile-lile, lakini ulifunguliwa na kushonwa tena kwa mkono. Pengine ndani mbegu ni nzuri. Pengine muuzaji aliongeza hata dawa ya kuzuia fukusi, bila kuomba kitu. Pengine pia ni mahindi ya bukari yenye yamepakwa rangi. Kwa macho huwezi kutofautisha. Utajua mwezi wa pili, wakati shamba la jirani limetoa vikonyo viwili na lako limesimama tu. Tatizo la mfuko wa kushonwa tena si kwamba kila mfuko ni mbaya. Tatizo ni kwamba hakuna mtu wa kuulizwa.

Lakini tusiwe watu wa kusema kila programu ya nje ni ya wizi, maana haiko kweli. Kuko majukwaa yenye yalifungua mlango kwa watu wa nje, kwa ruhusa, na watu wale wakafanya kazi nzuri kupita wenye nyumba. Twitter ni mfano. Mwaka 2007 kampuni ndogo ya Marekani inaitwa Iconfactory ilitoa Twitterrific, na ni wao walileta alama ya ndege. Wakati ule Twitter haikuwa na programu yake ya iPhone. Ilipotaka moja, mwaka 2010, ilinunua ile ya mtu wa nje, Tweetie. Reddit vilevile: mwaka 2014 ilinunua Alien Blue, programu ya mtu wa nje, na miaka mingi watu wengi walipendelea Apollo, kazi ya kijana mmoja wa Kanada, Christian Selig, kupita ile ya Reddit yenyewe.

Halafu mlango ukafungwa. Mwezi wa kwanza 2023 Twitter ilikata programu za nje kwa siku moja, bila kuonya mtu. Mwaka ule-ule Reddit ilitangaza bei mpya kwa wenye kutumia mlango wake. Selig alipiga hesabu akaona itamdai karibu milioni 20 za dola kwa mwaka, na Apollo ikafungwa tarehe 30 mwezi wa sita. Wale wote wenye waliizoea wakabaki wanaangalia. Ni kusema, hata programu ya nje yenye ruhusa, nzuri, safi, inaishi kwa huruma ya mwenye shamba. Ni sawa na kulima bila karatasi: mwaka wenye mwenyewe anataka udongo wake, unatoka na jembe lako.

Telegram mpaka leo inaacha mlango wazi, na inajulisha watu namna ya kuingia. WhatsApp haijawahi kuwapa watu wa GB mlango. Wale waliingilia dirishani. Hiyo tofauti muiweke akilini.

Sababu za watu ni za kweli

Sasa turudi Luano. Juu ya nini mtu mwenye akili timamu anaacha ya kweli na kuchukua GB? Nilisikiliza sababu nyingi, na nyingi hazina upuuzi.

Ya kwanza ni nimero mbili. Hapa kwetu mtu mwenye simu moja tu ni kama hayuko. Uko na Vodacom juu ya M-Pesa, uko na Airtel ao Orange juu kule shambani ndiyo rezo inafika. Zamani WhatsApp ya kweli ilikubali nimero moja tu kwa telefone. GB ilikubali mbili. Mkulima angefanya nini, anunue Tecno ya pili?

Ya pili ni mesaje zenye zinafutwa. Hii naielewa sana. Mnunuzi anaandika asubuhi: nitachukua mifuko yote kwa bei hii. Saa nane anaona bei imeshuka mjini, anafuta mesaje yake, anakuja na kamyo na bei ingine, na anaapa hakusema vile. Mwenye GB anaona mesaje yenye ilifutwa, anaitoa, mabishano yanakwisha. Mtu akiniambia GB ilimwokolea mavuno yake namna hiyo, siwezi kumcheka.

Ya tatu inahusu mega. Ili kupata ya kweli unatakiwa Play Store, Play Store inataka adrese ya Gmail, Gmail inataka neno la siri lenye fundi aliyekuuzia telefone aliliweka yeye mwenyewe na akalisahau. Kisha programu yenyewe inakula mega zako. Lakini kijana wa kioski anakupitishia GB kwa Bluetooth ao kwa Xender kwa dakika tatu, bila mega hata moja. Kwa mtu mwenye ananunua forfe ya siku moja-moja, hiyo haiko hesabu ndogo.

Ya nne ni telefone za zamani. Mwisho wa 2023 WhatsApp ya kweli ilianza kudai Android 5 ao zaidi. Telefone yenye iko chini ya pale, hata kama batri yake inashika siku mbili, WhatsApp inaikataa. Hapa lawama ya wakulima kwa kampuni iko na haki. Kampuni inahesabu telefone za watu wa mjini wenye wanabadilisha kila miaka miwili. Mama wa shamba anabadilisha wakati ya kwanza imekufa kabisa.

Kuko pia wenye wanataka tu kujificha wasionekane wako mtandaoni, ao kuchukua video za "statut" za watu, ao kupamba rangi. Hizo tuziache.

Ubaya uko wapi

Ubaya wa kwanza ni kwamba kampuni inafukuza. Haijaanza jana. Mwezi wa kwanza 2015 ilianza kuwafungia masaa 24 watu wenye walitumia programu inaitwa WhatsApp Plus. Mwaka 2019 ikarudi na nguvu zaidi kwa wenye GB. Utaratibu ni huu: kwanza unafungiwa kwa muda, unaona saa inahesabu kurudi nyuma; ukiendelea, unaweza kufungiwa kabisa, na nimero yako haikubaliwi tena. Fikiri sasa ni nimero ya sekretere, mwenye aliunda grupe. Fikiri ni wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja, mvua imeshika, watu wanapanda, na mtu mwenye anajua nani amelipa mbolea na nani bado hawezi kufungua grupe. Hakuna ofisi ya WhatsApp hapa Lubumbashi yenye utaenda kulalamika.

Ubaya wa pili ni akiba ya mesaje. WhatsApp ya kweli inaweza kutunza nakala ya mazungumzo yako kwenye Google Drive, nje ya telefone. Za kushonwa tena kwa kawaida zinatunza ndani ya telefone tu, kwenye mfuko wao wenyewe. Telefone ikiibiwa kwenye takси-bisi, ao ikianguka ndani ya kisima cha bustani, kila kitu kimekwenda.

Ubaya wa tatu ndio mzito. Kampuni ya Kaspersky, yenye inachunguza virusi vya kompyuta na telefone, ilifungua programu hizi na kuangalia ndani. Mwezi wa nane 2021 ilikuta ndani ya toleo moja la FMWhatsApp kirusi kinaitwa Triada. Kirusi kile kinaingiza programu zingine bila kukuuliza, na kinaweza kukuandikisha kwa huduma za kulipia wewe hujui. Wale wenye wanalalamika kila siku kwamba inite zinakwisha bila kupiga, wasikimbilie kulaumu rezo peke yake. Waangalie pia ndani ya telefone. Mwaka 2022 ilikuta toleo la YoWhatsApp lenye linaiba funguo za konti. Na toleo lile lilikuwa linatangazwa ndani ya Snaptube, ile programu yenye vijana wetu wanatumia kushusha nyimbo na video. Mwisho wa 2023 ikakuta tena kirusi cha kupeleleza ndani ya programu nyingi za namna hii, kinachukua orodha ya nimero, mafaili, na kinaweza kufungua mikro ya telefone. Katika mwezi wa kumi wa mwaka ule peke yake Kaspersky ilizuia mashambulio zaidi ya 340 000 ya kirusi kile, katika nchi zaidi ya 100.

Meta yenyewe mwaka 2022 ilipeleka mbele ya tribinali kule Marekani makampuni ya China na Taiwan yenye yalisambaza programu za WhatsApp za uongo, ikisema yalichukua konti za watu zaidi ya milioni moja.

Watu wananiuliza: je, si mesaje za WhatsApp ziko na kifuniko, hakuna mtu anaweza kuzisoma? Kweli, tangu mwezi wa ine 2016 mesaje inafungwa kwenye telefone yako na kufunguliwa tu kwenye telefone ya mwenzako. Lakini angalia vizuri: inafunguliwa na nani? Na programu. Kama programu yenyewe ni ya mtu mwingine, kifuniko hakisaidii kitu. Ni kama kufunga ghala na kufuli nzuri kisha kumpa ufunguo mtu mwenye hujui hata jina lake. Na katika grupe ya watu 80, mtu mmoja tu mwenye programu yenye kirusi anatosha: mesaje za watu wote 80 zinapita mikononi mwake, pamoja na nimero zao.

Makuta ya mbolea

Hapa nitakawia kidogo, juu ndipo koperative inaweza kulia.

Mwizi mwenye amechukua konti yako ya WhatsApp hajachukua M-Pesa yako. Tusichanganye. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ziko na kode yao ya siri, na kode ile haiko ndani ya WhatsApp. Kwa hiyo mtu anasema: waibe tu, makuta yangu yako salama. Yako ni salama, ndiyo. Ya wenzako haiko salama.

Mwizi anafanya hivi. Anaingia na jina lako, foto yako, kofia yako ya koperative. Anasoma polepole mazungumzo ya wiki mbili. Anajua mnamuita presidenti Papa nani, anajua mifuko mingapi ya NPK 10-20-10 imeagizwa, anajua tarehe ya mwisho ya kulipa. Siku moja mbele ya tarehe ile anaandika: "Ndugu zangu, nimero ya tresorie iko na problème, leo mutume kwa hii ingine." Nani atashuku? Ni jina la sekretere. Ni maneno ya sekretere. Mama mwenye aliuza mboga za kipwa yote, meka kwa meka, kikapu kwa kikapu, anatuma mchango wake wa hekta nusu. Jioni sekretere wa kweli anauliza: nimero gani hiyo?

Mbegu unaweza kupanda tena kama mvua bado. Mbolea yenye haikuja kwa wakati wake haina kurudi. NPK inaingia pamoja na mbegu, urea inafuata mahindi yakifika kwa goti. Ukikosa hiyo, udongo wetu mwekundu huu wa Luano haukupi kitu cha kujivunia. Ndiyo maana nasema jambo hili ni la shamba.

Nashauri kila koperative iandike hii ndani ya kitabu chake cha mikutano: nimero ya kutuma makuta haibadiliki kwa mesaje. Hata kwa odio hapana. Inabadilika tu kwa mkutano, ao kwa simu ya sauti kutoka kwa tresorie kwenda kwa viongozi wa vikundi, kila kiongozi anajulisha watu wake kwa mdomo. Itachukua siku moja zaidi. Siku moja haiui mahindi.

Na mtu yeyote mwenye anakuomba ile kode ya tarakimu sita yenye imefika kwa SMS, hata kama ni shemeji yako, hata kama anasema alikosea akaandika nimero yako, usimpe. Kode ile ni ufunguo wa konti yako. Hii inahusu wenye GB na wenye ya kweli, wote sawa.

Ya kweli imejifunza

Kuko habari nzuri. Vitu vingi vyenye vilitufanya tupende GB, leo viko ndani ya WhatsApp yenyewe. Nafikiri kampuni iliangalia watu wanakimbilia wapi, ikafuata.

Nimero mbili: tangu mwezi wa kumi 2023, WhatsApp ya kweli kwenye Android inakubali konti mbili ndani ya telefone moja. Unaingia "Paramètres", unagusa mshale pembeni ya jina lako, unaongeza konti. Kama telefone yako inakataa, kuko njia ingine ya zamani kidogo: WhatsApp Business. Hii ni ya kampuni ile-ile, ilitoka mwezi wa kwanza 2018, ni ya bure, na inakaa pembeni ya ile ya kawaida bila kugombana, kila moja na nimero yake. Kwa koperative mimi naipenda sana. Unaweka nimero ya koperative, haiko ya sekretere mwenyewe. Unaweka katalogi ya vitu vyenu na foto na bei. Unaweka jibu lenye linajituma lenyewe wakati mnunuzi anaandika usiku. Sekretere akibadilishwa, nimero inabaki kwa koperative. Ni koperative ngapi zimepoteza wanunuzi juu nimero ilienda na mtu?

Kujificha: tangu 2022 unaweza kuzuia watu kuona kama uko mtandaoni. Faili kubwa: mwaka ule-ule kipimo kilipanda mpaka giga mbili, hakuna video ya mafunzo yenye itakosa nafasi. Grupe: mpaka watu 1024.

Mesaje zenye zimefutwa, hapana. Ya kweli haitakuonyesha, na sioni kama itakubali siku moja. Kwa hiyo bei ya mnunuzi, mara tu inafika, piga kapture ya ekra, kisha andika kwa daftari: tarehe, saa, jina, bei, mifuko mingapi. Omba na mnunuzi arudilie kwa SMS ya kawaida. SMS haifutiki kwa mbali. Daftari ya karatasi hata SNEL ikikata umeme siku tatu inasomeka.

Juu ya mega, jambo moja linasaidia kupita yote. Ndani ya "Paramètres", kwa "Stockage et données", zima upakuaji wa foto na video wenye unajifanya wenyewe. Utaona forfe inakaa. Kwa kweli kinachokula mega za wakulima si programu, ni video za mahubiri na za vichekesho zenye zinashuka bila mtu kuzifungua. Na siku ya kuweka programu ya kweli, mtu mmoja mwenye forfe kubwa anaweza kugawia wengine intaneti kwa telefone yake, mkafanya watu kumi mara moja. Mwenye hana Gmail, saiti ya whatsapp.com yenyewe inatoa programu ya kweli. Lakini andika jina la saiti wewe mwenyewe, usifuate kiungo chenye mtu amekutumia.

Kwa telefone zenye zimekataliwa juu ya uzee, sina dawa ya ujanja. Usiweke GB ndani yake eti juu ya kuokoa. Mwenye telefone hiyo abaki kwa SMS na kwa simu ya sauti, na kila kikundi kichague mtu mmoja mwenye telefone nzuri wa kusomea wengine habari ya siku. Kuko koperative zenye zinafanya hivyo asubuhi kwenye kisima, na habari inafika kwa watu wote, hata kwa wale wenye hawajui kusoma. Grupe nyingi za WhatsApp haziwezi kusema hivyo.

Namna ya kuhama

Kwanza ujue uko na ipi. Ingia ndani ya mipangilio ya telefone, kwa orodha ya programu, gusa WhatsApp, shuka mpaka chini. Ya Play Store itaandikwa kwamba ilitoka Google Play. Kama ilitoka kwa kioski, ao kama ulipokea faili yenye mwisho wake ni ".apk", ao kama ni ya rangi ya dhahabu ao ya waridi, hiyo haiko ya kampuni.

Usihame siku ya mnunuzi kufika. Chagua wakati wa kipwa ao mwezi wa tisa, mbele ya kelele za mbolea. Andika kwa daftari vitu vyote vyenye huwezi kupoteza: nimero za wanunuzi, deni, orodha ya waliolipa. Foto na odio za lazima ziweke kwa karte memwa. Mazungumzo yenyewe mara nyingi hayatafuata, uyahesabu yamekwenda. Kama wewe ndiye kiongozi pekee wa grupe, mpe mwenzako uongozi kwanza, mwenye programu ya kweli, ili grupe isibaki yatima. Kisha futa ile ya kushonwa tena, pitisha uchunguzi wa virusi kama Play Store yako inao (kitu kinaitwa Play Protect), weka ya kweli, ingiza nimero yako. Ikikuambia umefungiwa kwa muda, ngoja saa imalizike. Usirudi kwa GB kuona kama inafungua.

Ukishaingia, weka kode ya siri ya pili, ile ya tarakimu sita yenye unachagua wewe mwenyewe, iko kwa "Compte". Ilianza 2017 na watu wachache sana kati yetu wameiweka. Bila kode hiyo, mwizi mwenye amepata SMS yako hawezi kuingia. Usichague mwaka wako wa kuzaliwa. Angalia pia kwa "Appareils connectés": kama unaona kompyuta yenye huijui, itoe.

Viongozi waanze: presidenti, sekretere, tresorie, na mtu wa stoki. Kwa mkutano wenye unakuja, hao wane waweke telefone zao juu ya meza, kila mmoja aonyeshe wengine programu yake ilitoka wapi. Wakimaliza wao, memba watafuata bila kusukumwa. Na mkutano uanze mapema, wakati batri bado zimejaa.